Minidrili ya bei nafuu kwa kazi za nyumbani: kuichagua, kuipima kaunta na kuianzishia kazi Arusha na Moshi

Ingia duka lolote la vifaa karibu na Soko Kuu la Arusha, uliza mashine ndogo ya kuchonga na kutobolea, na utaletewa boksi lenye maandishi makubwa mawili: wati na idadi ya vipande. Wati 180, 260, 480. Vipande 40, 100, 161. Wanunuzi wengi huchagua kwa namba hizo, na ndizo zenye msaada mdogo kuliko zote. Wati za kwenye boksi mara nyingi ni za kuvutia macho, na vipande 100 vikifunguliwa unakuta zaidi ya nusu ni vipete vya msasa na vidiski vyembamba vinavyovunjika kwa kuguswa.

Mashine nafuu inayofaa hutambulika kwa mambo matatu: shafti inayozunguka bila kuyumba, mshiko unaobana biti (ncha ya kutobolea au kuchongea) sawasawa, na kasi inayoweza kushushwa. Mashine dhaifu yenye shafti iliyonyooka utafanya nayo kazi safi, ila polepole. Yenye nguvu lakini inayoyumba itavunja biti, itachimba mashimo mapana kuliko ulivyokusudia na kukutia ganzi vidoleni ndani ya nusu saa.

Majina dukani yanachanganya. Wapo wanaoiita minidrili, wapo wanaosema Dremel hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Ukisema minigrenda unaweza kuletewa grenda ya diski ya milimita 115 ya kukatia nondo, mashine tofauti kabisa. Eleza kazi: "ile ya kushika kama kalamu, inayotumia biti za milimita tatu."

Anza na kazi, si na duka

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye karatasi vitu vitano utakavyotengeneza miezi ya mwanzo. Minidrili ina kasi kubwa na nguvu ndogo ya kusokota, kwa hiyo inafaa pale ambapo ncha ndogo inaondoa kidogo kidogo: kuchonga jina kwenye mninga au mringaringa, kutoboa vifuu na pembe za ng'ombe kwa ajili ya hereni, kusawazisha ndani ya kibuyu, kukata skrubu iliyozidi, kung'arisha pete ya shaba, kutoboa bodi za redio, kunoa visu vidogo, kuchora kwenye kioo. Haifai kukata bomba la chuma la inchi moja, kutoboa ukuta wa zege wala kupiga randa ubao. Ukiona kazi tatu kati ya tano ni za aina hiyo, nunua drili ya kawaida kwanza. Pesa itakuwa imefanya kazi zaidi.

Kutoboa chuma kunastahili maelezo, maana ndiko watu wanakochomea biti. Biti ya HSS (chuma kigumu cha kutobolea) ya milimita 3 kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Minidrili nyingi za bei nafuu kasi yake ya chini kabisa ni 8,000 au 10,000. Ncha inapata joto, inageuka rangi ya bluu, inaacha kukata, nawe unaongeza kukandamiza. Mashimo ya milimita 1 hadi 1.5 kwenye bati, shaba au aluminiamu inayamudu. Mashimo ya milimita 3 kwenye chuma iachie drili ya kawaida.

Umeme wa ukutani, betri au sola

Ukiwa na umeme wa TANESCO wa uhakika kiasi, mashine ya waya ndiyo inayotoa thamani kubwa kwa bei ndogo. Haina betri ya kufa, na ikiharibika fundi wa kawaida anaweza kuifungua. Hakikisha kibandiko kinasema 220–240 V, 50 Hz. Kuwa makini na mashine zilizotumika kutoka nje: za Japani ni za 100 V, za Marekani ni 120 V. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 V inapiga kelele kali, inatoa moshi na habari yake imeishia hapo. Ukiipata ya 120 V nzuri sana kwa bei ya kutupa, itahitaji transfoma ya kushusha umeme ya angalau 300 VA, na bei ya transfoma hiyo huifuta nafuu yote.

Nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Adapta za bei rahisi hulegea, zinapata moto, na mashine inakatika-katika katikati ya kazi. Ni bora kukata plagi hiyo na kufunga ya miguu mitatu. Tazama alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko. Ikiwepo, mashine ina kinga maradufu na waya wake ni mbili tu: ya kahawia inakwenda L, ya bluu inakwenda N, na mahali pa ethi panabaki wazi. Ndani ya plagi toa fyuzi ya ampea 13 iliyokuja nayo, weka ya ampea 3. Mashine ya wati 130 inatumia takriban ampea 0.6 tu. Fyuzi ya 13 itaacha waya mwembamba wa mashine uungue kabla yenyewe haijakatika.

Umeme ukikatika ukiwa kazini, zima swichi ya mashine palepale, halafu chomoa plagi. Swichi za mashine hizi ni za kusukuma, zinabaki pale ulipoziacha. Umeme ukirudi wakati umeiweka mezani na umetoka kumwangalia mtoto, mashine inawaka yenyewe, inarukaruka na kujivingirisha waya wake.

Za betri zenye chaji ya USB ni nyepesi na tulivu, na kwa kuchora, kung'arisha na kutoboa vitu laini zinatosha. Nyingi ni za volti 3.7 zenye kasi tatu, kwa kawaida 5,000, 10,000 na 15,000. Usizitegemee kukata chuma. Zichaji kwa waya uliokuja nao na adapta ya kawaida ya 5 V, kwa sababu baadhi ya hizi za bei ya chini hazipokei chaji kabisa kupitia waya wa Type-C pande zote mbili, na mtu anadhani mashine ni mbovu. Kabla ya kununua uliza kama betri inaweza kubadilishwa. Kama haiwezi, hesabu kwamba umri wa mashine ni umri wa betri.

Kwa nyumba za sola, huko Machame, Marangu au pembezoni mwa Usa River, swali ni inveta. Inveta ya bei ya chini ambayo mawimbi yake hayafanani na ya TANESCO huvuruga kidhibiti cha kasi: mashine inanguruma, inapata joto haraka, au inakimbia kasi moja tu. Kama inveta yako si ya mawimbi laini, chukua ya betri.

Wati na kasi zisome hivi

Dremel 3000, ambayo ndiyo kipimo ambacho wengi wanalinganishia, ina wati 130 na mizunguko 10,000 hadi 33,000. Dremel 4000 ina wati 175, mizunguko 5,000 hadi 35,000, na uzito wake ni kama gramu 660. Hizo ni mashine za bei ya juu kutoka kampuni iliyoanza mwaka 1932. Sasa ukiona mashine yenye ukubwa uleule, nyepesi zaidi, inayodai wati 480, jua kwamba mota na feni ya saizi hiyo haziwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu bila kuungua. Wati 130 hadi 180 za kweli zinatosha kazi zote za nyumbani tulizotaja. INGCO na Total, ambazo ni rahisi kuzikuta kwenye maduka yetu, zina mashine za daraja hilo la wati 130, na hapo ndipo mtu mwenye bajeti ndogo aanzie kutazama.

Kwenye kasi, angalia namba ya chini kuliko ya juu. Karibu zote zinafika 30,000, lakini chache zinashuka hadi 5,000, na kasi ya chini ndiyo inayohitajika kwa plastiki, pembe, brashi za waya na kung'arisha. Mashine mbili zikilingana kwa mengine yote, chukua inayoshuka zaidi. Na kidhibiti kiwe cha kuzungusha taratibu. Swichi ya "taratibu" na "haraka" pekee itakubana.

Koleti au chaki ya meno matatu

Mshiko wa biti uko wa aina mbili. Koleti ni kikapu kidogo cha shaba au chuma kilichopasuliwa, kinachobana biti ya saizi moja tu. Chaki ya meno matatu hufunguka na kufunga kama ya drili kubwa, kwa kawaida kuanzia milimita 0.3 hadi 3.2 au zaidi kidogo. Koleti hunyoosha biti vizuri zaidi, chaki inapokea saizi zote. Kwa mashine ya bei nafuu koleti ni salama zaidi, kwa sababu chaki mbaya ndiyo chanzo kikubwa cha kuyumba. Ukipata yenye chaki iliyopita vipimo vya hapo chini, chukua bila wasiwasi.

Saizi za shingo za biti ndizo zinazowasumbua watu wakishanunua. Seti nyingi ni za milimita 3.2. Biti za mashine za kucha na za mafundi sonara ni 2.35. Biti nyingi za kabaidi (aina ngumu kuliko HSS) zinazouzwa kwa bei nzuri ni 3.0 kamili. Biti ya 3.0 ndani ya koleti ya 3.2 inaweza kuonekana imebana, kisha ikateleza ikikutana na kazi ngumu na kujikwaruza. Kwa hiyo hakikisha boksi lina koleti za 3.2 na 2.4 angalau. Kama unapanga kununua biti za 3.0, tafuta koleti ya 3.0 au mashine ya chaki. Koleti na nati za ziada zina nyuzi tofauti kati ya kampuni na kampuni, zinazofanana kabisa kwa macho. Ukienda kununua ya akiba, beba mashine yenyewe ujaribu palepale. Nati inayoingia kwa kulazimisha itaharibu nyuzi za shafti, na shafti haina dawa ya bei rahisi.

Vipimo vya kufanya kaunta

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda asubuhi duka likiwa bado halijajaa, beba miwani yako ya kinga na biti moja mpya yenye shingo ya milimita 3.2, na mwambie muuzaji tangu mwanzo kwamba utaijaribu kabla ya kulipa. Kuagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi kunaweza kuwa na nafuu ya bei, lakini unapoteza haki hii ya kuipima, na kuirudisha Dar es Salaam kwa basi lilelile ni kazi nyingine.

Kwanza, kabla ya kuchomeka, shika pua ya mashine kwa mkono mmoja na shafti kwa vidole viwili vya mkono mwingine. Isukume juu, chini, kushoto, kulia. Ukisikia "tik" hata ndogo, beringi ya mbele imelegea au imekalishwa vibaya. Irudishe boksini, omba nyingine. Mchezo mdogo sana wa mbele na nyuma unavumilika. Wa pembeni haukubaliki.

Pili, funga biti yako. Ingiza shingo hadi mwisho, irudishe nje kama milimita 2, kisha kaza kwa spana ndogo huku umebonyeza kitufe cha kufungia shafti. Laza mashine mezani, weka ukingo wa simu yako karibu na ncha ya biti, ubaki upenyo mwembamba wa kuona mwanga. Sasa zungusha shafti kwa mkono pole pole, mzunguko mzima, ukitazama upenyo huo. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Upenyo ukibadilika kwa unene wa karatasi moja, una mashine nzuri sana kwa bei yoyote. Karatasi mbili, inafaa kwa kazi za mbao na kung'arisha. Zaidi ya tatu, acha. Kabla ya kuikataa legeza koleti, zungusha biti robo, kaza tena na rudia, kwani wakati mwingine ni uchafu wa kiwandani ndani ya koleti.

Tatu, ichomeke, vaa miwani, anzia kasi ya chini. Isikilize. Sauti inayofaa ni mvumo mmoja unaopanda ukiongeza kasi. Mlio wa kukwaruza, au mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani na kupotea kwenye nyingine, ni dalili ya kukosa ulinganifu. Pandisha hadi juu, shusha hadi chini mara tatu na uhakikishe kasi inafuata mkono wako. Chungulia kwenye matundu ya nyuma: cheche ndogo za bluu ni za kawaida kwa kaboni mpya (vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota), pete ya moto wa njano inayozunguka si ya kawaida.

Nne, iache izunguke bila mzigo kwa dakika tano kwenye kasi ya kati. Watu wa maduka huona hii ni kero, lakini ndiyo inayofichua beringi mbovu. Gusa pua. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya utoe kidole, hiyo haitamaliza mwezi.

Tano, tafuta vifuniko viwili vidogo vya plastiki vyenye mpasuo wa bisibisi pembeni mwa mwili. Hapo ndipo kaboni zinapobadilishiwa. Mashine isiyo na vifuniko hivyo itabidi ipasuliwe yote kaboni zikiisha, na wengi huishia kuitupa. Tazama kama boksi lina jozi ya akiba.

Ikishapita yote, dai risiti ya EFD na uandikishe juu yake muda wa kuirudisha mliokubaliana.

Gawa bajeti, usimalize yote kwenye mashine

Nusu hadi theluthi mbili ya pesa iende kwenye mashine, iliyobaki kwenye biti na kinga. Seti ya boksini itakufaa kwa kujifunzia na kwa vishikio vya diski, basi. Vya kununua kando, kwa mpangilio wa umuhimu: miwani ya kinga inayofunika pembeni, barakoa za N95, si za kitambaa, biti za HSS za 1, 1.5 na 2 zenye shingo inayoshikwa na mshiko wako, mbili mbili. Biti mbili za kabaidi za kuchongea, moja ya duara na moja ya silinda. Diski 10 za kukatia zenye wavu wa nyuzi ndani. Na kwa mwenye nia ya mawe au kioo, seti ndogo ya almasi.

Diski ndizo za kukazia. Zile nyembamba za kahawia zisizo na wavu huvunjika ukizipinda kidogo tu. Diski ya milimita 32 kwenye mizunguko 30,000 ukingo wake unakwenda mita 50 kwa sekunde, yaani kama kilomita 180 kwa saa, na kipande kikiruka kinatoka na kasi hiyohiyo. Yenye wavu ikichoka huraruka badala ya kulipuka. Usivae glavu za kitambaa wala kuacha nywele, kanga au shanga za shingoni zikining'inia karibu na shafti. Simama pembeni mwa mstari wa diski, usiwe mbele yake.

Brashi za waya na magurudumu ya feliti zisizidi mizunguko 15,000. Ukivuka hapo, brashi inaanza kurusha nyuzi zake, na nyuzi hizo huingia kwenye ngozi bila wewe kujua.

Wiki ya kwanza: jaribu kila kitu ukiwa bado na haki ya kurudisha

Fanya mazoezi manne kwenye vitu vya kutupa. Funga msumari wa inchi tatu kwenye jiliwa, ukate kwa diski ya wavu kwenye kasi ya juu, ukigusa na kuachia, kugusa na kuachia, bila kukandamiza. Toboa mashimo kumi ya milimita 2 kwenye ubao. Saga kingo za ubao huo kwa kipete cha msasa, kwanza namba 60 halafu 120. Kipete kikiteleza, kaza skrubu ya juu ili mpira utanuke. Mwisho chonga mstari mnyoofu wa sentimita kumi kwa biti ya duara.

Zoezi hilo la mwisho linafundisha jambo kubwa. Biti inapogusa mbao huwa inavutwa upande mmoja, kama gurudumu dogo linalotaka kukimbia. Hisi inavutwa wapi, halafu chonga ukielekea upande ule mwingine, dhidi ya mvuto huo. Ukichonga kuelekea inakokimbilia, itaponyoka na kuchora mkwaruzo juu ya kazi yako. Shika kama kalamu kwa kazi ndogo, egemeza kidole kidogo juu ya kazi, na kazi yenyewe ifungwe kwa klampu. Mkono usiwe ndio jiliwa.

Kila dakika 10 hadi 15 pumzisha mashine. Iache izunguke bila mzigo dakika moja kwanza ili feni itoe joto, ndipo uizime.

Vitu vyetu vya hapa na namna vinavyotaka kushughulikiwa

Mringaringa na paina ni laini, vinachongwa vizuri kwenye 15,000 hadi 25,000. Mpingo ni habari nyingine. Ni mzito kuliko maji, mgumu, na ukitumia biti butu unaungua badala ya kukatika. Tumia kabaidi mpya, 12,000 hadi 18,000, tabaka jembamba jembamba. Ukiona moshi, shusha kasi na safisha biti kwa brashi ya shaba. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kuumiza mapafu, na vumbi la ndani ya kibuyu halina heri kwa pumzi vilevile. Barakoa hapa si hiari. Fanyia kazi nje au mlangoni, upepo ukitoka mgongoni kwako.

Pembe na mifupa ya ng'ombe, inayopatikana kwa urahisi machinjioni, ichemshwe na kukaushwa kabisa kwanza. Kata kwa kasi ya chini. Harufu ya nywele zinazoungua ikiwa kali maana yake kasi imezidi au biti imechoka. Meno ya tembo, kwato na mifupa ya wanyamapori usiguse hata ukiviokota njiani: kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa la jinai.

Plastiki na perspeksi: kasi ya chini kuliko zote, na uache ncha ipoe kila sekunde chache, la sivyo inayeyuka na kuganda juu ya biti. Aluminiamu nayo huziba meno ya kabaidi. Pitisha nta ya mshumaa kwenye biti kabla ya kila mpito, na itatoka safi.

Mawe yanawavutia wengi kwa sababu tumezungukwa nayo. Lile jiwe la kijani la Longido lenye madoa mekundu ya rubi linachongwa kwa almasi na maji. Ila rubi ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs na zoisaiti ya kijani inayoizunguka ni kati ya 6 na 7, kwa hiyo ya kijani huliwa haraka na madoa hubaki yameinuka kama vipele. Dawa ni mguso mwepesi sana na biti pana, si ncha, ili rubi na zoisaiti ziguswe kwa pamoja. Tanzanaiti usijifunzie. Inapasuka kwa urahisi kufuata mstari wake wa ndani na haipendi joto la ghafla. Kazi yake ina mashine zake na mafundi wake hapa Arusha.

Maji na umeme wa ukutani havikai pamoja, kwa hiyo kwa mawe tumia shafti ya kunyumbulika: mota ining'inie juu, mbali na maji, na ncha tu ndiyo iguse sinia lenye maji ya kina cha milimita 5. Mashine ya betri ya volti 3.7 ni salama zaidi kwa hili. Usisage jiwe kavu. Vumbi la mawe mengi lina silika, na makovu yake ndani ya mapafu hayatoki. Biti ya almasi ikianza kuteleza, isuguliwe sekunde chache kwenye kipande cha tofali la kuchoma lililoloweshwa ili almasi zitokeze upya.

Ikianza kusumbua

Ikipunguza kasi na kunguruma, mara nyingi mkono wako ndio mzito. Nyanyua, acha kasi irudi, gusa kwa wepesi. Kama inazembea hata bila mzigo, pima umeme wa nyumba: jioni kwenye mitaa yenye watumiaji wengi volti zinaweza kushuka, na mashine inapata joto bila kufanya kazi.

Biti ikiteleza, toa koleti, ifute kwa kitambaa kikavu, futa na shingo ya biti. Kamwe usikaze nati bila biti ndani, kwani koleti hujibana na kung'ang'ania. Biti ikiyumba ghafla baada ya kazi nzuri ya wiki kadhaa, iviringishe kwenye kioo cha meza: shingo iliyopinda inaonekana mara moja. Hupinda kwa sababu ilitokezwa nje mno, au kwa kubonyeza kitufe cha kufungia mashine ikiwa bado inazunguka, jambo ambalo pia hukata pini ya ndani.

Shafti ya kunyumbulika ikiruka-ruka au mpini wake kuwa moto, umeipinda sana. Isipinde kwa duara dogo kuliko sentimita 15 kutoka katikati, na waya wa ndani upakwe grisi kidogo kila baada ya saa 25 hivi za kazi. Ikizunguka mota tu na ncha ikasimama, waya wa ndani haujaingia vizuri kwenye tundu la shafti. Uvute nje kidogo na ufunge upya.

Mashine isipowaka kabisa, anzia kwenye fyuzi ya plagi, halafu chezesha waya pale unapoingia mwilini, mahali unapokatika mara nyingi. Kisha tazama kaboni. Zikague kila baada ya saa 40 hadi 50 za kazi, mashine ikiwa imechomolewa: fungua kifuniko kimoja, weka alama upande uliokuwa umeelekea, pima urefu. Ikiwa chini ya milimita 3, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukikosa za saizi yako, nunua kubwa kidogo na uzisugue kwenye msasa wa namba 240 hadi ziingie na kuteleza bila kukwama. Zikishaingia, endesha bila mzigo dakika tano kabla ya kurudi kazini. Kasi isipobadilika hata ukizungusha kidhibiti, kidhibiti cha ndani ndicho kimekufa, na fundi redio mzuri wa Moshi au Arusha atakibadilisha akipata kinacholingana nacho kwa volti na ampea.

Baada ya kila kazi ya mbao au mawe, iwashe ikiwa juu, matundu yakielekea mbali na uso wako, upulize vumbi kwa pampu ya baiskeli.